Tulivyokwenda Kuiona Meli Iliyomponza Baba

Nyote mmeniuliza. Ndugu yangu Salma kaniuliza kwenye simu, wenzangu wa kazini Ilford wameniuliza tukichemsha chai, na msikitini mama mmoja ambaye hata jina lake silijui kanishika mkono akaniambia, "Ati ni kweli baba'ko kakamatwa na polisi kwa mambo ya Warusi?" Hakukamatwa. Nimekaa kitako niandike yote tangu mwanzo, ili asiyejua ajue, na aliyetia chumvi aipunguze.

Kwa wasiomjua, baba yangu ni Mzee Khamis, mtu wa Wete, Pemba. Anakaribia miaka sabini. Kwa muda mrefu alikuwa fundi wa lifti hapa London, na tangu mama afariki anakaa nami Walthamstow. Nilijua kwamba ujanani alisomeshwa Urusi, Leningrad ya wakati ule, na kwamba alichokwenda kukisomea hakukimaliza. Zaidi ya hapo sikujua. Nyumbani kwetu jambo hilo halikuwa na mlango wa kuingilia.

Jumapili moja ya Februari, baada ya swala ya alasiri, akaniita chumbani kwake. Alikuwa ameshika ile tableti yake ya kusomea habari.

"Rukia, tazama hii."

Ilikuwa picha iliyopigwa na mkazi wa kijiji kimoja cha pwani ya kaskazini ya Uskochi. Meli ya kivita ya Kirusi, ya rangi ya majivu, imeingia kwenye ghuba kujikinga na dhoruba. Chini yake watu wameandika matusi na mizaha.

"Ndiyo yenyewe," akasema.

"Yenyewe nini, Baba?"

"Iliyoniponza."

Akanieleza kwa maneno machache kwamba upepo ukitulia itang'oa nanga, na kwamba meli hiyo imeshazeeka kama yeye, haielekei kupita tena upande huu naye yungali hai. Kisha akafungua kabati akatoa koti lake zito. Mwanangu Samira, ambaye ukimsemesha Kiswahili hukujibu Kiingereza, akachungulia mlangoni akauliza, "Is Babu actually serious?"

"Mwambie," Baba akajibu, "Babu hajapata kuwa na hakika namna hii tangu aje nchi hii."

Walthamstow hadi King's Cross

Jumanne asubuhi tulitoka. Wauza matunda walikuwa wanafunga vibanda vyao kwa kamba maana hata London upepo ulikuwa unavuma. Mimi nilibeba mkoba wa nguo na kapu la chakula: katlesi, mkate wa kumimina, pilipili ya embe kwenye chupa, na chai ya maziwa. Baba alibeba darubini. Si ile ndogo ya kutundika shingoni. Ni ile ndefu ya miguu mitatu, aliyoazima kwa jirani yetu anayependa kutazama ndege. Kwenye treni ya chini ya ardhi aliikumbatia kama mtoto mchanga, na bibi mmoja akainuka kumpisha kiti, si kwa ajili ya uzee wake bali kwa ajili ya ile darubini.

Kuelekea Edinburgh, na mti ulioanguka

Safari ya treni ilianza vizuri. Tulikaa mkabala na mama mmoja wa Kiskochi, mnene, mwenye kufuma soksi. Nilimpa katlesi akala mbili, akaomba na ya tatu. Alipoiona darubini akasema neno ambalo Baba hakulisikia vizuri, maana lafudhi yake ilikuwa nzito. Nikamweleza Baba kwamba anauliza kama tunakwenda kuwatazama pomboo, kwa kuwa ghuba ile ina pomboo wengi na watu husafiri kutoka mbali kuwaona.

"Mmoja tu," Baba akamjibu. "Wa tani elfu saba."

Yule mama akarudi kwenye soksi zake mpaka Newcastle.

Baada ya Newcastle treni ikasimama katikati ya mashamba. Wakatutangazia kwamba mti umeanguka relini. Tukakaa saa tatu na nusu. Nje mvua inakwenda upande kwa upande, ndani chai imekwisha, na kila baada ya dakika kumi Baba anatazama habari za upepo kwenye simu yangu. Ulikuwa unapungua. Kila ulivyopungua ndivyo uso wake ulivyokunjamana, na nadhani alikuwa abiria peke yake katika treni ile aliyeomba dhoruba izidi.

Ili kumtuliza nikamwambia, "Basi nieleze. Meli ilikufanyani?"

Akanieleza. Namwandika kama alivyosema.

"Nilikuwa mwaka wa tatu. Tunasoma ujenzi wa meli, mie na vijana wengine kutoka nchi mbalimbali. Ng'ambo ya maji kulikuwa na kiwanda cha meli za kivita, sisi wageni haturuhusiwi hata kukikaribia. Lakini meli ikishushwa majini utaifichaje? Siku hiyo tukasimama ukingoni, baridi inauma, tukaiona. Rukia, mie nimezaliwa kisiwani, vyombo nimeviona, lakini kile nilikuwa sijapata kuona. Omo yake, ile pua ya meli, imelala mbele kama shingo ya bata anayeruka. Na nanga! Nanga ilikuwa mbele kabisa, ncha ya meli. Wenzangu wanatazama mizinga. Mie natazama nanga. Nikajiuliza, kwa nini wameisogeza mbele vile? Nanga huteremka wima. Wanaogopa itagonga nini huko chini?"

Usiku ule alichora kwenye daftari. Alichora omo, akachora nanga, akapiga hesabu, na chini ya maji, mahali ambapo hakuna aliyepaona, akachora kitu kikubwa cha duara kama paji la pomboo. Kwa ukubwa aliopata, hakikuweza kuwa kitu kingine ila chombo cha kusikilizia nyambizi, na kikubwa kuliko chochote walichofundishwa darasani.

Wiki iliyofuata akaitwa ofisini. Watu wawili, daftari lake liko mezani. Siku tatu mfululizo wakamuuliza swali moja: nani amekwambia?

"Ukawajibu nini?"

"Nikawajibu ukweli. Nanga ndiyo iliyoniambia."

Hawakumpiga, hawakumfunga. Walimtoa tu kwenye ujenzi wa meli wakamhamishia mitambo ya kunyanyulia mizigo. Aliyekwenda kuwa mjenzi wa meli akarudi fundi wa winchi, na winchi ndizo zilizomfikisha kwenye lifti za London.

Maisha yote nilidhani baba yangu alipenda lifti.

Nikamuuliza kwa nini asitosheke na mtandao. Leo kila kitu kina picha. Akasema ameziona zote, hata zile za meli ikiwa gudini, imetolewa majini kutengenezwa, na kile kitu kimetokeza kama alivyokichora.

"Sasa?"

"Picha haina uzito, mwanangu."

Edinburgh hadi Inverness

Kwa sababu ya mti ule treni ya kuunganisha ilituacha, tukalala Edinburgh kwenye hoteli karibu na stesheni. Alfajiri tulikuwa tumeshapanda nyingine. Theluji ilikuwa juu ya milima, na mara kwa mara kulungu wakasimama kututazama bila hofu. Hapo Baba, aliyeshiba uji wa shayiri wa hoteli, akawa mtu mwingine. Alizungumza saa tatu bila kuchoka, na mimi kwa mara ya kwanza nikaisikia lugha ya kazi aliyonyimwa.

Alisema wajenzi wengi hupanga kwanza silaha kisha wakatafuta meli ya kuzibeba. Hawa walianza na sikio. Chombo chenyewe cha kusikilizia, pamoja na mashine zake, ni kama tani mia nane, na ili kukibeba ikabidi meli iwe na urefu wa zaidi ya mita mia na sitini. Ikatiwa injini nne za mtindo wa zile za ndege, ili ikisikia nyambizi mbali iweze kuikimbilia. Nyuma ikajengewa vibanda viwili vya helikopta, za kwenda kusikiliza pale ambapo meli yenyewe haifiki. Chini ya dirisha la nahodha, makombora manane kwenye maboksi, manne huku na manne huku, yanayoruka angani kisha yanadondosha torpedo majini, mabomu ya kuifuata nyambizi chini ya maji.

"Hebu fikiri," akasema, "watu walikaa na kalamu na rula, wakajenga kitu kizima kwa ajili ya kusikiliza."

Alisema kwa miaka michache ya mwanzo ilizunguka bahari za barafu ikitega sikio. Kisha nchi iliyoijenga ikavunjika. Meli ikafungwa gatini, matengenezo yakaanza yakasimama, na ikakaa hapo karibu miaka ishirini ikila kutu. Baba aliposoma habari hizo, mimi nikiwa msichana mdogo, alidhani imekufa. Halafu ikafufuliwa. Ikatoka, ikaenda mpaka Ghuba ya Aden kusindikiza meli za mizigo zisitekwe na maharamia wa Kisomali.

"Ilifika jirani na kwetu," akasema, akitabasamu dirishani. "Mie niko London natengeneza lifti, yenyewe iko Bahari ya Hindi."

Nikamuuliza je, na siku hizi, na vita hivi vya Ukraine? Tabasamu likaondoka.

"Siku hizi ni meli ya watu wanaopiga miji," akasema. "Hilo nalijua. Ndiyo maana sikumwambia mtu msikitini ninakokwenda."

Kijijini

Kutoka Inverness tulipanda treni ndogo kisha basi, tukashuka kwenye kijiji chenye bandari ya mawe na nyumba za mgongo kwa mgongo. Saa kumi na moja jioni jua lilikuwa linazama. Baba hakutaka hata kuweka mzigo. Akaenda moja kwa moja ukingoni. Mbali, mwanga wa mwisho ukiwa nyuma yake, kivuli chembamba kilikuwa juu ya maji. Ipo. Akashusha pumzi, nikaona mabega yake yameteremka.

Nyumba ya wageni ilikuwa ya mama mmoja wa kijijini, lakini aliyetupokea alikuwa mfanyakazi, mwanamke wa umri wangu, nywele fupi, jina lake Oksana. Baba alisoma jina hilo kwenye kibati kifuani mwake, na kwa furaha ya siku ile akamsalimia kwa Kirusi. Sentensi nzima, kwa ufasaha, mkono kifuani.

Uso wa Oksana ukafunga kama duka.

"Lugha hiyo usinisemeshe," akasema kwa Kiingereza. "Mimi ni wa Mykolaiv, Ukraine. Mama yangu yuko huko mpaka leo, usiku analala handakini kwa kuogopa mabomu."

Baba aliomba radhi, akaomba tena. Oksana akatupa funguo. Kisha akaiona darubini.

"Mmekuja kuitazama ile?"

"Ndiyo," nikasema mimi.

Oksana alituletea supu nzito ya samaki wa kukaushwa kwa moshi na viazi na maziwa, tamu kupita kiasi, akaiweka mezani bila kututazama. Baba alikula vijiko vitatu tu. "Nimemwumiza mtoto wa watu," akaniambia, "hata koti sijavua."

Ufukweni

Asubuhi upepo ulikuwa umekufa. Kulipokucha tukapanda kilima kidogo nje ya kijiji, Baba akasimamisha darubini, akainama, na hakuinuka kwa muda mrefu.

"Njoo," akasema mwishowe.

Nitawaambia kweli: mimi si mtu wa meli. Nilidhani nitaona chuma. Lakini nilipoweka jicho pale nikashika mkono wa Baba bila kujijua. Ilikuwa umbali wa kama maili tatu, na bado ilijaza duara lote. Milingoti juu ya milingoti, maboksi ya makombora kama masanduku ya maiti, kutu ikitiririka kwenye mashimo ya nanga, na vijitu vidogo vikitembea juu yake, binadamu wale. Ilikuwa nzuri na ya kutisha kwa wakati mmoja, na sikuweza kutenganisha kipi ni kipi. Nyuma yake kulikuwa na meli ndogo ya Waingereza, inaichunga isifanye la kufanya.

Hapo tukasikia hatua. Askari polisi mmoja, kijana, anapanda kilima. Mtu mwenye mbwa alikuwa amepiga simu kusema kuna watu wasiojulikana wanachunguza meli ya Kirusi kwa chombo kikubwa.

"Habari za asubuhi, bwana. Naweza kuuliza kwa nini unaitazama meli ile?"

Aliuliza kwa upole kabisa. Lakini nilimwona Baba anageuka kijana wa miaka ishirini na kitu, yule aliyeitwa ofisini. Akaachia darubini akatoa pasipoti mfukoni. Nilikuwa sijui kama amekuja nayo, safari ya ndani ya nchi. Akainyoosha mbele.

"Yuko na mimi," akasema mtu nyuma yetu.

Alikuwa Oksana, amevaa koti juu ya aproni ya jikoni. "Ni wageni wangu. Mzee huyu alisomea meli. Amekuja kuitazama kama mimi nilivyokuja kuitazama."

Askari alimjua, kijiji ni kidogo. Akaandika maneno mawili kwenye kijitabu, akasita, akauliza kama na yeye anaweza kuchungulia. Akachungulia, akasema "Mungu wangu," akashuka zake.

Baba alikaa chini kwenye nyasi zenye baridi. Oksana akachuchumaa karibu yake, na akamsemesha Kirusi. Baadaye Baba alinitafsiria. Oksana alisema hivi: "Usiku sikulala. Mama yangu alifanya kazi miaka thelathini kiwandani kwetu Mykolaiv. Injini za meli ile zimetengenezwa kwetu. Yeye ndiye aliyekuwa anazisawazisha zisitikisike. Zile meli zinazotupiga sisi, nyingi zina mioyo tuliyoitengeneza sisi."

Halafu akapiga simu ya video. Uso wa mama mtu mzima ukatokea, kitambaa kichwani, nyuma yake ukuta wa matofali. Jina lake Halina. Oksana akaelekeza simu kwenye jicho la darubini. Halina akauliza swali, na Oksana akamgeukia Baba, maana hakujua ajibu nini.

"Anauliza moshi wake rangi gani," Baba akanambia.

Wakati ule ule meli ikatoa moshi. Walikuwa wanawasha injini. Baba akainama akatazama, akaanza kumweleza: kahawia mwanzo, sasa umekuwa mweupe, sasa umekwisha. Upande wa kushoto, alisema, kuna injini moja moshi wake mweusi na haukomi.

"Imechoka hiyo," Halina akasema. "Hawana wa kuitengeneza. Wangekuja kwetu, na kwetu wanapaangushia mabomu."

Nanga ikapanda. Baba alinipa jicho kidogo nikaiona ikining'inia, mbele kabisa, mbali na mwili wa meli, maji yanachuruzika. Meli ikageuka polepole kuelekea bahari kuu. Ilipofika nje ya rasi, pale ambapo mawimbi ya dhoruba yalikuwa bado hayajalala, omo ikainuka. Ikainuka, ikainuka, na chini yake kikatoka kitu cha duara, kikubwa, kimekwajuka rangi, kinang'aa kwa maji kama kichwa cha mnyama aliyekuja juu kuvuta pumzi. Kikakaa hewani muda wa kuhesabu moja, mbili. Kikaanguka, na povu likaruka pande zote mpaka kwenye mizinga.

Baba hakupiga kelele. Alisema "Subhanallah" mara moja, kwa sauti ya mtu anayezungumza usingizini, na machozi yakamfika ndevuni. Nikamwuliza kama ni vile alivyochora.

"Nilikosea kidogo," akasema. "Nilikichora kidogo mno."

Tulisimama mpaka ikawa nukta. Oksana hakulia. Alisema tu, "Izame," kwa sauti ya chini, na baada ya muda akaongeza, "Wale vijana waogelee, lakini yenyewe izame." Baba akaitika kwa kichwa. Sijui kama alikubali. Nadhani na yeye hajui.

Kurudi London

Njia ya kurudi haikuwa na mti wala mvua. Oksana alitufungia mkate na samaki, na namba ya simu yake akaiandika kwenye karatasi, na chini akaongeza ya mama yake. Baba alilala karibu njia nzima, kinywa wazi, darubini imemwegemea. King's Cross tukafika saa mbili kasoro robo usiku, watu wanakimbilia makwao, na hakuna aliyejua tumeona nini.

Mnaomwuliza Baba siku hizi mtamkuta ana shughuli. Kila Jumamosi mchana anaongea na Bi Halina kwa video, kwa Kirusi, mabishano matupu juu ya injini na meli. Jumamosi iliyopita niliwapelekea chai nikawakuta wanagombana, Baba anacheka hadi kushika ubavu, na yule mama jikoni kwake, simu ameiegemeza kwenye kopo, anamtikisia kijiko. Ghafla king'ora kikalia huko kwao. Bi Halina akapunga mkono kama anayefukuza nzi, akataka kumaliza alilokuwa akisema. Baba akasimama, akapaza sauti, neno moja la Kirusi, tena na tena. Sikuhitaji tafsiri: shuka chini, shuka chini.

Bi Halina akashuka handakini. Simu akaiacha pale pale. Kwenye skrini likabaki jiko tupu, sufuria, dirisha lililobandikwa utepe wa gundi kwa msalaba, kioo kisitawanyike. Nikamwambia Baba akate, chai inapoa. Hakukata. Alikaa mbele ya lile jiko dakika arobaini, hakuinuka, nami nikakaa naye. Mwishowe mlango ukafunguka, Bi Halina akaingia, akavaa miwani, akakaa, akainua kijiko, na akaendelea na mabishano pale pale alipokuwa amekatizwa.